Kuvu au Bakteria? Historia ya Ugonjwa wa Ngozi ya Ng'ombe Uliobeba Jina la Kongo

Miongoni mwa magonjwa ya ngozi yanayowapata ng'ombe wa Afrika ya kati na ukanda wa Maziwa Makuu, upo mmoja ambao wataalamu waliubishania kwa takribani nusu karne kabla hawajakubaliana hata juu ya jambo la kwanza kabisa, yaani kama kiumbe kinachouleta ni bakteria au ni kuvu. Dalili zake za mwanzo hazitishi: baada ya siku za mvua, manyoya ya mgongoni au ya mapajani husimama na kushikamana mafungu mafungu kama brashi ya mpaka rangi iliyokaukiwa, kisha majimaji mazito yanayotoka katika ngozi huganda na kuwa vigaga vinavyopandana tabaka juu ya tabaka. Kigaga kinapobanduliwa huacha kidonda chekundu chenye unyevu, na upande wake wa ndani huonekana usaha mzito wenye vinyweleo vilivyonasa. Mnyama mwenye nguvu hupona peke yake kiangazi kinapoingia, lakini yule aliyedhoofika hufunikwa mwili mzima, hukonda, hukatikiwa na maziwa, na mara nyingine hufa, na ngozi yake haipati mnunuzi. Ugonjwa huu leo huitwa dermatofilosi, na kiumbe chake hujulikana kwa jina la kisayansi la Dermatophilus congolensis, jina lililotolewa mwaka 1915 kwa heshima ya nchi ulikoelezwa kwa mara ya kwanza.

Msomaji asiye mtaalamu anaweza kuuliza kwa nini ubishi huo ulikuwa na uzito wowote, ilhali ng'ombe anaumwa vilevile. Kuvu, ambazo wengi huziita pia fangasi, ni viumbe ambavyo seli zake zina kiini kilichozungushiwa utando wake, na kuta za seli hizo zimejengwa kwa kitini, kitu kigumu kinachopatikana pia katika magamba ya wadudu. Bakteria ni wadogo zaidi, hawana kiini cha namna hiyo, na ukuta wa seli yao umeundwa kwa wavu wa sukari na protini fupi ambao haupatikani katika mnyama wala katika kuvu. Tofauti hii ndiyo inayoamua dawa. Penisilini huwaua bakteria kwa kuvuruga ujenzi wa wavu huo, kwa hiyo haiwezi kuidhuru kuvu isiyokuwa nao. Na dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya kuvu, kwa upande wao, hupita mwilini bila kumgusa bakteria. Aliyekosea jibu la swali hili alimtibu mnyama wake kwa dawa isiyohusika, na katika nchi ambako ng'ombe ni akiba, mahari na chakula cha watoto, kosa hilo lilikuwa na gharama kubwa.

Mfano wa nchi ambako gharama hiyo ilihisiwa ni malisho yaliyo nyuma ya mji wa Goma, mashariki mwa Kongo. Goma yenyewe haikuwa mji wa wafugaji tangu mwanzo. Ilikua kutokana na kituo cha Wabelgiji kilichotazamana na kituo cha Wajerumani cha Kisenyi, baada ya mkataba wa Brussels wa mwaka 1910 kuugawa ukanda wa ziwa Kivu kati ya dola za kikoloni, na ardhi iliyo chini ya miguu yake ni mawe ya volkeno ya Nyiragongo, ambayo hayaoti nyasi nyingi. Lakini nyuma ya mji, upande wa magharibi na wa kaskazini, huinuka vilima vya Masisi na nyanda za Rutshuru, nchi ya baridi, ya mvua nyingi na ya udongo wenye rutuba, ambako katika karne ya 20 misitu mikubwa ilikatwa na kugeuzwa malisho. Kati ya mwaka 1937 na 1955 serikali ya kikoloni iliwahamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda hadi Gishari na Masisi kwa mpango uliopewa jina la Uhamisho wa Wanyarwanda, na baadhi yao waliingia na ng'ombe wao wenye pembe ndefu wa jamii ya Ankole. Walowezi wa Kizungu nao walileta ng'ombe wa Ulaya, hasa wa Friesian na wale wa rangi ya kahawia kutoka Uswisi, ili wapate maziwa mengi zaidi. Baada ya amri ya mwaka 1973 iliyowapokonya wageni mali zao na kuwapa raia wa Zaire, mashamba mengi ya ufugaji yalipata wenyewe wapya, na jibini ya Masisi ikawa bidhaa inayotambulika katika masoko ya Goma na hata Kinshasa.

Historia hiyo ya malisho ina uhusiano wa moja kwa moja na ugonjwa wa vigaga, kwa sababu kila hatua yake iliongeza moja ya masharti yanayoupa nguvu. Ukataji wa misitu ulizalisha malisho mapana katika eneo ambalo mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka. Mifugo iliyosongamana ililisha kupe. Ng'ombe wa Ulaya walioletwa kwa sababu ya maziwa walikuwa na ngozi isiyozoea kupe wala vimelea vya nchi za joto, nao huugua dermatofilosi vibaya kuliko ng'ombe wa kienyeji, jambo lililoonekana Afrika ya magharibi pia, ambako ng'ombe wafupi wa N'Dama huuhimili ugonjwa huu kuliko aina nyingi nyingine. Yeyote anayetaka kuelewa kwa nini ubishi wa wanasayansi ulichukua muda mrefu hana budi kukumbuka kwamba hawakuwa wakitazama kimelea peke yake, bali walitazama kimelea kilichokwisha kusaidiwa na mvua, kupe na sera ya uzalishaji.

Aliyeuandika ugonjwa huu kwa mara ya kwanza ni daktari wa mifugo wa Kibelgiji, René Van Saceghem, aliyekuwa akifanya kazi katika Kongo ya Ubelgiji. Mwaka 1915 jarida la chama cha patholojia ya nchi za joto kilichokuwa na makao yake Paris lilichapisha maelezo yake kuhusu ugonjwa wa ngozi wa kuambukiza aliouona kwa ng'ombe, akaulinganisha na impetigo, ambayo ni vidonda vya usaha na vigaga vinavyowapata watoto. Kiumbe alichokiona katika hadubini hakikufanana na bakteria waliojulikana wakati huo, kwa kuwa kilikuwa na nyuzi zenye matawi zilizojikata ndani yake na kuwa chembe nyingi ndogo za duara. Badala ya kukilazimisha kiingie katika kundi lililokwisha kuwapo, Van Saceghem alikiundia jenasi mpya, na uamuzi huo unastahili sifa kuliko ilivyokubaliwa na waliomfuata. Alirudi kwenye jambo hilo mwaka 1916, na tena mwaka 1934, mara hii katika jarida la kilimo la Kongo ya Ubelgiji, ambako katika kichwa cha makala yake aliuita ugonjwa "unaoitwa wa kuambukiza". Neno hilo la tahadhari ni la maana: baada ya takribani miaka 20, mtu aliyeuelezea ugonjwa kama wa kuambukiza alikuwa ameanza kuona kwamba hauhami kwa wepesi kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine kwa kugusana tu.

Ili kuelewa kwa nini wengine waliona kuvu pale ambapo leo tunafundishwa kuona bakteria, yafaa kurudi nyuma hadi mwaka 1877, wakati Otto Bollinger wa Munich alipochunguza uvimbe mgumu wa taya za ng'ombe na kumkabidhi mtaalamu wa mimea Carl Harz punje alizozikuta ndani yake. Harz aliziona nyuzi zilizotawanyika kutoka katikati kama miale, akakiita kiumbe hicho Actinomyces, akikihesabu kuwa kuvu yenye miale. Tangu hapo kila kiumbe cha nyuzi nyembamba zenye matawi kilichopatikana katika mwili wa mtu au wa mnyama kilivutwa kuingia katika ukoo huo, ambao kwa Kiswahili unaweza kuitwa aktinomaiseti, na ukoo wenyewe ukabaki kuning'inia kati ya elimu ya bakteria na elimu ya kuvu. Mkanganyiko huo haukuwahusu ng'ombe peke yao. Huko India na Sudan ugonjwa wa kuvimba mguu uliojulikana kama mguu wa Madura ulikuwa na sura moja kwa nje, lakini Émile Pinoy mwaka 1913, na baadaye Albert Chalmers na Robert Archibald wa Khartoum, walionyesha kwamba chini ya sura hiyo moja yamefichika magonjwa mawili, moja la kuvu halisi na jingine la aktinomaiseti.

Mwaka 1929 Lionel Bull wa Australia alieleza ugonjwa wa kondoo ambao sufu yao ilishikamana na kuwa madonge magumu, akakiita kiumbe chake Actinomyces dermatonomus na ugonjwa wenyewe akauhesabu kuwa wa kuvu. Mwaka 1937 J. R. Hudson aliandika juu ya ugonjwa wa ng'ombe kwa jina la streptothrikosi ya ngozi, jina lililotokana na kundi jingine la zamani la viumbe wa nyuzi, na jina hilo likaenea katika makoloni ya Waingereza. Uingereza kwenyewe, kondoo wenye vidonda vyekundu miguuni walipatikana na kiumbe kilichopewa jina la tatu katika miaka ya 1950. Wafugaji, kwa upande wao, hawakungoja majina ya Kilatini: Wahausa wa Nigeria waliuita ugonjwa huo kirchi, na katika sehemu za Afrika ya kati na kusini uliitwa senkobo. Kwa hiyo kufikia katikati ya karne, kiumbe kimoja kilikuwa na majina matatu au manne, magonjwa yake yalihesabiwa kuwa matatu, na katika vitabu vingi vya mifugo kilikuwa katika sura ya kuvu, hali maelezo ya mwaka 1915 kutoka Kongo yalikuwa yamelala maktabani bila wasomaji wengi. Ni vigumu kutolaumu hapa. Wataalamu wa Australia, wa Uingereza na wa Kongo ya Ubelgiji waliandika kila mmoja kwa lugha ya dola yake na katika majarida yake, na ng'ombe wa Afrika walilipa gharama ya mipaka hiyo.

Upande wa kuvu haukukosa hoja, wala haukuwa wa watu wajinga. Hoja yake ya kwanza ilikuwa umbo: nyuzi ndefu zenye matawi ndizo alama inayojulikana zaidi ya kuvu, na bakteria wengi wa magonjwa ni vijiti au duara zisizo na matawi. Hoja ya pili ilikuwa uzazi, kwa sababu kiumbe hiki hutoa chembe nyingi zinazofanana na spora, yaani mbegu ndogo za kuvu, na tena chembe hizo zina mikia na huogelea majini kama zifanyavyo spora za baadhi ya viumbe vya majini vilivyohesabiwa wakati huo kuwa kuvu. Hoja ya tatu ilitoka katika ngozi yenyewe: kiumbe hukaa katika tabaka la juu la ngozi na katika vifuko vya vinyweleo, na huko ndiko wanakokaa pia kuvu wanaoleta choa, ugonjwa wa mabaka ya duara ambao kila mfugaji anaufahamu kwa ndama wake. Ndama mwenye choa na ndama mwenye dermatofilosi ya mwanzo wanaweza kusimama pamoja katika zizi moja, na jicho peke yake haliwezi kuwatenganisha kwa uhakika.

Hoja za upande wa bakteria zilikuwa za polepole, kwa kuwa zilitegemea vipimo ambavyo mwaka 1915 havikuwapo. Unene wa nyuzi ulikuwa wa kwanza kushuhudia, kwa sababu uzi mchanga wa kiumbe hiki una upana wa takribani mikromita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, ilhali nyuzi za kuvu wa choa ni nene mara kadhaa. Jinsi uzi unavyojigawa nako kulitofautiana, kwa kuwa huanza kukatika kwa upana, kisha kila kipande kikakatika kwa urefu, hadi zinapatikana safu mbili, nne, nane au zaidi za chembe za duara zilizopangana sambamba, sura ambayo ukiiona mara moja katika hadubini hutaisahau na ambayo haipatikani kwa kuvu yeyote wa ngozi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, penisilini na streptomisini zilipoanza kupatikana, ilionekana kwamba zinakizuia kiumbe hiki, jambo ambalo kuvu halisi isingelikubali. Katikati ya miaka ya 1950, C. S. Cummins na H. Harris wa Uingereza walianza kuchambua kemia ya kuta za seli za aktinomaiseti, wakakuta wavu uleule wa bakteria na si kitini, na kutoka hapo ukoo mzima ambao Harz aliuita wa kuvu ulihamishwa taratibu kwenda upande wa pili. Kisha mwaka 1958 ikaonyeshwa kwamba griseofulvini, dawa ya kumeza, huponya choa cha wanyama. Kuanzia siku hiyo ugonjwa wa kuvu na ugonjwa wa bakteria wa ngozi yaliachana hata dukani.

Aliyewarudisha wataalamu kwenye maelezo ya Van Saceghem ni Peter Austwick wa Uingereza, ambaye mwaka 1958 aliyapitia magonjwa yote matatu kwa pamoja, yaani lile la ng'ombe wa Afrika, lile la sufu ya kondoo wa Australia na lile la miguu ya kondoo wa Uingereza, akasema kwamba vimelea vyake ni vya jenasi moja na kwamba jina lenye haki ni lile lililotoka Kongo. Hata hivyo alibakiza spishi tatu. Hatua ya mwisho ilipigwa na mtu ambaye hakuwa wa mifugo, naye aliingia katika suala hili kupitia paa wa porini. Mwaka 1961 katika jimbo la New York nchini Marekani, watu wanne waliomgusa paa mgonjwa walipata vipele vya usaha mikononi, na uchunguzi uliofanywa na wataalamu wa jimbo hilo, akiwamo Morris Gordon, ulimpata humo kimelea huyu wa ng'ombe wa Kongo. Gordon aliendelea kukusanya vimelea kutoka kwa wanyama na nchi mbalimbali, akavilinganisha kwa umbo, kwa sukari vinazotumia na kwa jinsi vinavyokua, na mwaka 1964 akachapisha hitimisho lake katika jarida la Marekani la elimu ya bakteria: spishi ni moja tu, ni bakteria wa ukoo wa aktinomaiseti, na jina lake ni Dermatophilus congolensis. Miaka 49 ilikuwa imepita tangu jina hilo liandikwe kwa mara ya kwanza.

Lakini jibu la swali la kuvu au bakteria halikueleza kwa nini ugonjwa huja na mvua. Walter Plowright, ambaye baadaye alifanya kazi Muguga nchini Kenya na kutengeneza huko chanjo ya sotoka iliyosaidia ugonjwa huo kutangazwa kuwa umefutika duniani mwaka 2011, alikuwa ameandika mwaka 1956 juu ya mwenendo wa ugonjwa wa vigaga nchini Nigeria, ambako hupanda pamoja na majira ya mvua. Maelezo ya ndani ya kimelea yalitoka Australia. D. S. Roberts, katika mfululizo wa tafiti zilizoanza mwaka 1961, alionyesha kwamba kigaga kikavu ni ghala: chembe za duara hulala humo kwa miezi mingi, hata zaidi ya miaka mitatu, bila kufa. Kigaga kinapolowa, chembe huamka, huota mikia na kuogelea kwenda nje, na huvutwa na hewa ya kaboni dioksidi inayopenya kutoka katika ngozi hai, kwa hiyo huelekea mahali penye mchubuko au palipolainika. Huko huota uzi, uzi hupenya tabaka la juu la ngozi, na mwili hujibu kwa kupeleka chembe nyeupe za damu chini yake. Ngozi mpya huanza kujengwa chini ya kidonda, kimelea hushuka na kuivamia tena, na hivi ndivyo tabaka juu ya tabaka la kigaga linavyopatikana. Mvua, basi, hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kwani huwaamsha wavamizi na huilainisha ngozi wanayoivamia.

Jambo la pili ambalo jina sahihi halikulitatua ni kupe. Kupe mwenye madoadoa ya rangi anayejulikana kama Amblyomma variegatum, ambaye yupo pia katika Maziwa Makuu, alionekana mara nyingi kwa ng'ombe wenye dermatofilosi kali, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba huwabeba bakteria kama mbu anavyobeba malaria. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha njia tofauti: vidonda vikali havitokei lazima pale kupe alipong'ata, bali hata mgongoni, mbali na kupe, kwa sababu mate yake yanapunguza kinga ya mwili mzima wa ng'ombe, na bakteria ambaye angedhibitiwa kwa siku chache hupata nafasi ya kuenea. Ushahidi wa wazi zaidi ulitoka visiwa vya Karibi, ambako kupe huyo aliingizwa pamoja na ng'ombe kutoka Afrika ya magharibi katika karne ya 19. Katika visiwa alivyofika, kama Guadeloupe na Antigua, dermatofilosi iliua ng'ombe wengi, na katika visiwa vilivyobaki bila yeye ugonjwa ulikuwa mwepesi. Mashaka ya Van Saceghem ya mwaka 1934 juu ya kuambukiza yalipata hapo maelezo yake: bakteria anaweza kuwapo katika zizi bila kuleta msiba, mpaka kupe na mvua vimfungulie mlango.

Wanadamu nao hawakukosa sehemu katika ubishi huu. Aldo Castellani, Mwitaliano aliyejipatia jina Uganda mwaka 1903 kwa kazi yake juu ya ugonjwa wa malale, alieleza mwaka 1910 akiwa Ceylon ugonjwa wa nyayo unaotoboa ngozi ngumu kwa vishimo vidogo na kutoa harufu kali, hasa kwa watu wanaotembea katika maji na matope. Mwaka 1930 H. W. Acton na C. McGuire wa India waliuhesabu kuwa wa kuvu ya miale, na hadi leo watu wengi huununulia mafuta ya fangasi. Katika miaka ya 1960 ilithibitika kwamba ni wa bakteria, na baadhi ya watafiti walimpata Dermatophilus mwenyewe katika vishimo hivyo, ingawa bakteria wengine wa ngozi hupatikana humo pia na pengine ndio wanaohusika zaidi. Yafaa kuongeza, kwa kutenda haki kwa upande wa pili, kwamba Kongo ilichangia sana elimu ya kuvu halisi: mwaka 1952 Albert Dubois, Pieter Janssens na Raymond Vanbreuseghem walieleza kutokana na kazi ya Kongo histoplasmosi ya Kiafrika, ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi na mifupa, na ambao mara nyingi hudhaniwa kuwa kifua kikuu, yaani ugonjwa wa bakteria. Kosa linaweza kwenda pande zote mbili.

Je, elimu hii yote ilirudi wapi katika nchi iliyoupa ugonjwa jina? Katika mashamba makubwa ya Masisi na Rutshuru yalijengwa majosho, ambayo ni mifereji ya dawa wanamopitishwa ng'ombe ili kuua kupe, na lengo lake kuu lilikuwa kuzuia ndigana kali, ugonjwa wa damu unaoua ndama wengi. Dermatofilosi ilizuiwa humo humo bila kutajwa, kwa sababu kupe waliokufa hawakushusha tena kinga ya ng'ombe. Mapigano ya Masisi ya mwaka 1993, kisha vita vya mwaka 1996 na 1998, viliangamiza au kupora sehemu kubwa ya mifugo ya jimbo la Kivu Kaskazini, zilimo Masisi na Rutshuru, na majosho mengi yaliachwa yakabomoka. Ng'ombe waliorudishwa baadaye walirudi kwenye malisho yaleyale ya mvua, mara nyingi bila josho na bila daktari wa mifugo wa karibu, na vita vilivyofuata viliendelea kuwahamisha wachungaji na makundi yao kutoka eneo hadi eneo. Katika hali hiyo, swali la mwaka 1915 limerudi zizini kwa sura ya dawa: mwenye ng'ombe anayeona vigaga hununua chupa inayopatikana, mara ya fangasi, mara ya bakteria, na katika sehemu nyingi za Afrika hupakwa hata mafuta machafu ya injini.

Kipimo kinachohitajika si cha gharama. Kigaga kimoja hulowekwa katika maji safi kidogo, husagwa, hupakwa juu ya kioo, hutiwa rangi ya Giemsa au ya methilini bluu, na hadubini ya kawaida ya zahanati huonyesha zile safu sambamba za chembe za duara, au huonyesha kwamba hazipo. Zikiwapo, sindano ya oksitetrasaiklini inayodumu mwilini, au ya penisilini pamoja na streptomisini, huwasaidia wengi ikitolewa mapema, na mnyama akitengwa mahali pakavu na vigaga vyake vikachomwa moto. Zisipokuwapo, antibiotiki hiyo haina kazi, na kuitumia ovyo kunawafundisha bakteria wengine usugu unaoweza kumfikia mtu kupitia maziwa. Hakuna chanjo ya kutegemewa mpaka leo. Kinachozuia kweli ni josho na malisho yasiyosongamana kupita kiasi, na pale inapowezekana, kuchagua ng'ombe chotara wenye damu ya kutosha ya Ankole badala ya kukimbilia Friesian halisi kwa ajili ya lita chache zaidi.

Kwa hiyo ombi linaelekezwa kwa idara ya mifugo ya Kivu Kaskazini, kwa ushirika wa wafugaji unaojulikana kama ACOGENOKI, na kwa kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kilichopo Butembo: majosho ya Masisi na Rutshuru yafufuliwe pale usalama unaporuhusu, kila kituo cha mifugo kipewe hadubini na mtu anayejua kuitumia, na wachungaji wafundishwe kwa Kiswahili na kwa lugha zao kutofautisha choa na vigaga kabla hawajatoa fedha za dawa.